Kibanja Ambacho Hatukukikomboa

Shamba la babu lilikuwa na harufu yake. Ukitoka kwenye uwazi wa nyasi tuliouita rweya, jua limekuchoma kisogo, ukaingia chini ya migomba yake, ulipokewa na ubaridi na harufu ya majani yanayooza taratibu, majivu ya jikoni, samadi iliyokauka na utomvu wa mgomba uliokatwa asubuhi hiyo. Ardhi ilikuwa laini na hukusikia hatua zako mwenyewe, kwa sababu babu hakuacha udongo wazi hata kidogo; kila jani alilolikata alilitandaza chini kama anayetandika kitanda cha mgeni. Kahawa ilijificha katikati ya migomba, na maharage yalitambaa pale palipopata mwanga. Hapo ni Kamuli, ambako siku hizi ni Kyerwa, ila wakati ule sote tulijiita watu wa Karagwe. Nilikuwa msichana mdogo wa shule ya misheni, Mwingereza bado anatawala, na sikujua kwamba shamba linaweza kuwa la mtu leo na kesho likawa la mwingine huku migomba imesimama palepale.

Babu aliitwa Rwezaura. Alikuwa mrefu, mgongo umeanza kupinda, na popote alipokwenda alishika muhoro, kile kisu kirefu chenye ncha iliyopinda cha kupogolea migomba. Alikuwa na wana wawili wa kiume. Wa kwanza ni baba yangu, Paulo. Wa pili ni baba mdogo Deusi, aliyekuwa mdogo kwa baba kwa miaka mingi, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba kanisani. Baba alipooa, babu alimwita mkungu, yaani mkuu wa kijiji, pamoja na majirani, akamkatia sehemu ya kibanja, ndilo hilo shamba la migomba na kahawa, upande wa mteremkoni. Ndiko tulikozaliwa. Deusi alipooa, babu alimwita mkungu tena na kumpa sehemu iliyobaki, pamoja na nyumba yenyewe. Hakubakiza kitu. Bibi, ambaye simkumbuki vizuri, wakati huo alikuwa bado hai, na mama alinisimulia kwamba alimsihi mumewe abakize japo ile sehemu ya nyuma ya nyumba, itajwe mbele ya watu kuwa ni yake mpaka afe. Babu alicheka. "Kwani mwanangu atanifukuza?" aliuliza. Na kweli, Deusi hakumfukuza. Waliishi pamoja vizuri, na bibi alipofariki walimzika nyuma ya nyumba, kama tunavyofanya kwetu, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe alipoletwa pale akiwa mwali.

Ninachotaka kusimulia kilitokea katika kiangazi kimoja tu. Deusi alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya bati, akachoka. Shemeji zake walikuwa Buganda, nao walimletea habari kwamba huko ardhi ni kubwa na pamba inaota vizuri, na kwamba mtu mwenye kianzio anaweza kujipatia eneo ambalo hapa kwetu angelitamani maisha yake yote. Deusi alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, kibanja chake ni kidogo, na mbele yake aliona miaka mingi. Wakati huohuo alipita mfanyabiashara kutoka Muleba, Bwana Elikana, Mlutheri mpole mwenye biashara ya chumvi, vitambaa na ngozi, akitafuta mahali karibu na njia iendayo Murongo ili ajenge duka. Wakapatana. Asubuhi ya siku ya kuuziana ndipo Deusi alipomwambia baba yake. Alipiga magoti mlangoni.

"Tata, nikishapata eneo nitarudi kukuchukua. Utakuwa na shamba kubwa kuliko hili."

Babu alimtazama, kisha akamwambia ainuke asichafue suruali. "Nilikupa," alisema. "Kitu nilichokupa siwezi kukuuliza unakifanyia nini."

Mbele ya watu waliokuja kushuhudia mauzo, mkungu aliongeza jambo ambalo kila mtu alilifahamu, ila lilipaswa kusemwa. Kibanja cha ukoo kikiuzwa kwa mgeni, ndugu ana haki ya kukikomboa, yaani kumrudishia mnunuzi alichotoa na kukichukua. Alitoa muda mpaka kahawa ya msimu ule itakapomaliza kuuzwa. Wote waligeuka kumtazama baba yangu. Baba alitazama chini. Baada ya siku chache Deusi alimpakia mkewe kwenye baiskeli, mtoto mgongoni kwa mama yake, wakaenda kuvuka mto Kagera pale Murongo. Babu alihamia kwetu akiwa na mkeka wake, koti lake zito la kijivu na muhoro.

Kuhama kwake hakukumzuia kwenda shambani. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, alishuka kwenda kwenye kibanja alichokizoea na kuanza kazi. Siku zisizo za shule nilikwenda naye. Niliogopa kwamba wenyewe wangetufukuza, lakini mke wa Bwana Elikana, Mama Rebeka, alikuwa mwanamke wa namna nyingine. Siku ya kwanza alitoka nje, akamkuta mzee asiyemjua anaondoa majani makavu kwenye migomba yake. Aliinama akamwamkia shikamoo, kisha akarudi ndani na kutoka na kibakuli cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, ambayo kwetu hupewa mgeni wa heshima. Babu aliichukua kwa mikono miwili, na niliona amechanganyikiwa kidogo, maana alikuwa anapewa kahawa ya mgeni kwenye uwanja wake mwenyewe. Baadaye walizoeana. Mama Rebeka alisema Kihaya chake cha Muleba, babu alijibu kwa Kinyambo, wakaelewana bila shida.

"Koku," aliniambia siku moja, "babu yako ananifundisha shamba. Mimi mume wangu alinioa nikijua kupima chumvi tu."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Lakini tulipokuwa peke yetu, nyuma ya nyumba, hakucheka. Pale kaburi la bibi lilipokuwa, aling'oa magugu kwa vidole, kisha akang'oa na pembeni yake, eneo la mtu mmoja kulala. Hakunieleza anafanya nini, na hapakuwa na haja. Alisema tu, "Kahawa ikishauzwa, baba yako atakikomboa. Halafu tutaipunguza hii migomba ya huku, imebanana." Alisema hivyo kwa uhakika mkubwa, nami nikaamini, kwa sababu nilikuwa mtoto na aliyesema alikuwa mtu mzima.

Msimu ule kahawa ilizaa vizuri. Tulichuma sote, mama, kaka yangu Leonard, mimi na wadogo zangu, mpaka vidole vikawa vyeusi na vinanata. Tulianika uani juu ya mikeka, na nyumba nzima ikajaa ile harufu tamu ya kahawa inayoanza kuchacha, ambayo ukiizoea huisikii tena mpaka utoke na kurudi. Aliyefanya kazi kuliko wote alikuwa babu. Akirudi kutoka kule kwa Mama Rebeka alikaa kando ya mikeka, akaigeuza kahawa kwa mikono, akatoa mbovu, akafukuza kuku, akatazama mawingu. Manyunyu yakidondoka alikuwa wa kwanza kuinuka na kukunja mikeka, mzee wa umri ule. Mama alimwambia apumzike. Alijibu kwamba kahawa ikilowa itashuka daraja kule kwenye chama cha ushirika, na msimu huu hatuwezi kumudu hilo. Nadhani kwa hesabu yake kila gunia lililojaa lilimsogeza hatua moja kurudi nyumbani kwake.

Lakini katika nyumba hiyohiyo palikuwa na hesabu nyingine. Leonard alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni, upande wa Bukoba, na padri alikuja mwenyewe kutuambia, akanywa maji, akasema ni watoto wachache sana kutoka huku wanaopata nafasi hiyo. Ilihitajika karo, blanketi, sare, sanduku, na nauli. Kahawa tuliyokuwa nayo ingetosha jambo moja. Nililijua hilo siku nilipokuwa namenya ndizi na mama jikoni, baba akaingia na kukaa kwenye kigoda karibu na moto, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Walizungumza kana kwamba sikuwepo.

"Nimekwenda kwa Elikana," baba alisema. "Nimemwomba aningoje mpaka msimu ujao."

"Amesemaje?"

"Amenikaribisha vizuri. Amesema naye ana watoto, ameshaagiza mabati, na akiningoja mvua zitakuta duka halijajengwa. Siwezi kumlaumu."

Mama aliendelea kumenya. Kisha akauliza, kwa upole, kama nafasi ya Leonard itangoja msimu ujao. Baba alitikisa kichwa. 

"Basi mpeleke mtoto shule," mama alisema. "Lakini mwambie baba yako. Asije akasikia kwa watu."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo, Paulo."

"Nimesema nitamwambia."

Hakumwambia siku hiyo. Hakumwambia na siku iliyofuata. Nilimwona akijaribu. Alikwenda kusimama karibu na mkeka babu alipokuwa anageuza kahawa, akauliza habari za mgongo wake, akauliza kama ugoro wake umekwisha, akazungumzia mvua, kisha akaondoka. Babu naye hakumwuliza. Kwa mtu wa kizazi chake, kumwuliza mwanao kama atakununulia mahali pa kuzikwa lilikuwa jambo lisilotamkika. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, na katika heshima ile siku zikawa zinakwenda.

Kahawa ilipelekwa kwenye chama. Jioni yake baba alirudi akisukuma baiskeli, na juu ya kiti cha nyuma palikuwa na sanduku jipya la bati, jeusi, lenye maua mekundu pembeni. Watoto tulipiga kelele. Leonard alilifungua na kulifunga, akalifungua tena. Babu alisogea, akalipapasa kwa kiganja, akagonga kifuniko kwa kidole.

"Sanduku zuri," alisema. "Mtoto atapendeza nalo."

Baba alikuwa anafungua kamba kwenye baiskeli na hakuinua uso. Mpaka leo sijui kama babu alielewa jioni ile. Nafikiri hakuelewa, au alielewa nusu na nusu nyingine akaikataa, kwa sababu asubuhi alichukua muhoro wake na kunisubiri kama kawaida.

Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, Leonard akaondoka, na shule yetu ilikuwa bado kwenye likizo. Asubuhi moja, kabla hatujafika, tulisikia mapanga. Ukisikia mgomba unakatwa huwezi kuufananisha na mti. Ni sauti yenye maji, nzito, kisha majani yanaporomoka kwa kishindo kama mvua fupi. Babu alidhani ni wezi wa ndizi. Aliongeza mwendo mpaka nikawa nakimbia nyuma yake. Tulikuta vijana wanaangusha migomba ya mbele ya nyumba, ile iliyokuwa mikubwa kuliko yote kwa sababu ilikula majivu ya jiko kwa miaka mingi, na mahali palipokuwa na kivuli tangu nipate akili palikuwa na mwanga mkali.

"Ee! Nani kawatuma?" babu alipaza sauti.

Kijana mmoja alisimama, akafuta jasho. "Bwana Elikana, mzee. Panajengwa duka. Muda wa kukomboa umekwisha, mkungu amekwisha kusema."

Mama Rebeka alitoka ndani, mikono yake imejaa unga. Alipomwona babu amesimama vile, akaelewa kabla ya mtu yeyote, na uso wake ukabadilika.

"Baba," alisema taratibu, "kwani nyumbani hawakukuambia?"

Nilimtazama babu.  Alijinyoosha kadiri mgongo wake ulivyomruhusu.

"Waliniambia," alisema. "Waliniambia vizuri. Nimesahau tu, mama. Uzee huu."

Halafu, nisingeamini kama nisingeliona kwa macho yangu, aliwasogelea wale vijana akaanza kuwaelekeza. Aliwaonyesha upande wa kuangushia mgomba ili usiponde kahawa iliyo chini yake. Aliwaonyesha machipukizi ya mbegu nzuri wasiyakate, wayang'oe na mizizi ili Mama Rebeka apande nyuma. Alifanya hivyo kwa muda mfupi, kisha akaniita tuondoke. Tuliporudi alitembea mbele yangu, na tulipokaribia kwetu akageuka. "Usimsumbue baba yako na habari hizi," aliniambia. Lakini mama aliniona uso, akanivuta jikoni, nikamweleza yote huku nalia. Mama alimweleza baba aliporudi jioni. Baba alitoka akakaa juu ya gogo uani, mikono katikati ya magoti. Babu alikuwa ndani, hatua chache tu. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikaa pale mpaka chakula kikaiva, kisha akaingia, wakala pamoja, na babu akamwuliza kama Leonard alipata gari zuri la kwenda Bukoba.

Tangu siku hiyo hakwenda tena kule. Alishinda uani kwetu, akipukuchua maharage, akisuka kamba za maganda ya migomba ambazo hakuna aliyezihitaji. Mama alimwomba atusaidie shamba letu la mteremkoni, akaenda mara moja, akapogoa kidogo, akasema mkono hauna nguvu. Mvua zilianza. Siku za senene, watoto tukiwa tunakimbia huku na huko kuwakamata, babu alishikwa na kifua, akalala, na hakuinuka tena. Baba alikaa naye muda mwingi wakati wa ugonjwa ule. Alimnywesha uji, alimgeuza, alimfuta. Kama alimwambia neno, hakuna aliyelisikia.

Babu alipofariki, baba alivaa koti lake akaenda kwa Bwana Elikana, nami nilifuatana naye kwa sababu mama alisema asiende peke yake. Alisimama mlangoni mwa duka jipya, kofia mkononi, akaanza kueleza kwa maneno ya kuzunguka, kwamba sheria anaijua, kwamba ardhi si yetu tena, kwamba lakini marehemu mama yake amelala pale nyuma. Bwana Elikana alifungua mdomo ajibu. Mama Rebeka alimtangulia.

"Aletwe, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Pale pembeni hatukupanda kitu. Nilijua ni pake."

Hapo ndipo baba alipolia, kwa sauti, mbele ya wateja waliokuja kununua chumvi. Sikuwahi kumwona analia kabla ya siku ile.

Baba mdogo Deusi alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amepata eneo, si kubwa kama alivyoahidiwa, ila lilitosha, na alikuja na blanketi jipya la baba yake na nauli ya kurudi naye. Tulimpeleka nyuma ya duka. Blanketi lile alimwachia mama. Sikumchukia wakati ule na simchukii sasa. Alikuwa kijana, alitafuta mwanzo wake kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na alikusudia kweli kurudi.

Nimeishi miaka mingi na hesabu hii, na kila ninapoipitia naona baba hakukosea kuhusu shule. Leonard alisoma, akapata kazi ya serikali, akawajengea wazazi nyumba ya bati na kuwatibu mpaka mwisho. Mshahara wake ndio uliotusomesha sisi wadogo. Kama kahawa ile ingekwenda kwenye kibanja, sijui tungekuwa wapi. Baba mwenyewe aliniambia hivyo alipokuwa mgonjwa wa kulala, mimi nikiwa mama wa watoto wakubwa. "Ningerudishwa siku ile," alisema, "ningempeleka Leonard shule tena. Lakini ningekaa chini na mzee nimwambie kwa mdomo wangu. Angenielewa. Ndicho kinachoniuma, angenielewa kabisa." Akageukia ukutani.

Siku hizi watu wa kwetu wana namna nyingi za kupanga maisha ambazo babu hakuzijua. Wanangu wana bima, akiba kwenye simu, mikopo ya benki, vikundi vya kuwekeana fedha kila mwezi. Binti yangu, ambaye bado ana watoto wadogo, ameshaanza kuwawekea ada. Duka la Bwana Elikana liliuzwa, likauzwa tena, na vijana wa bodaboda wa njia ya Murongo wanaegesha pikipiki zao pale penye kivuli cha ukuta. Mimi nina kibanja changu, kilichopimwa na kuandikwa kwa jina langu. Wakati wa Pasaka iliyopita niliwaita watoto wote, tukakaa sebuleni, nikawaambia wazi kwamba sitakigawa nikiwa hai, wala hakitawekwa rehani kwa mkopo wa yeyote, na nikataja nani atapata kipi nitakapoondoka. Nilisema kwa mdomo wangu, nikiwatazama usoni. Kitinda mimba wangu, ambaye nilijua alikuwa anakitegemea kwa ajili ya biashara yake, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, mama, nimesikia," akainuka, akatoka nje, na tukasikia gari lake linawaka. Dada zake walitaka kumkimbilia, nikawazuia. Tuliandaa chakula, tukala, na sehemu yake niliifunika kwa jani la mgomba, ingawa nilijua kwamba siku hiyo hatarudi.